Vizazi Vitatu, Miaka 189: Nasaba ya Profesa Ali Mazrui

Mwite kijana yeyote wa mitaa yetu, awe wa Kibokoni, wa Kuze, wa Mkomani Lamu au wa Shela ya Malindi, kisha umuulize jina lake na la babake. Atakujibu kabla hujafunga mdomo. Muulize la babu yake, atakujibu pia. Muulize la baba wa babu yake, hapo ataanza kutazama chini. Na ukimuuliza mama wa babu yake alikuwa nani, binti wa nani, akitoka mji gani, mara nyingi hata baba wa kijana huyo hatakuwa na la kusema.

Mambo haya si ya upuzi. Wazee wetu hawakuhifadhi nasaba kwa ajili ya kujipamba. Waliihifadhi kwa sababu sheria yetu imeshikana nayo. Mtu akifa, kadhi hawezi kugawa mirathi mpaka ajue nani na nani amebaki, na kila mmoja anaunganika vipi na maiti. Kijana akitaka kuoa, ni lazima ijulikane kwamba yule binti si maharimu yake, wala hawakunyonya ziwa moja. Nyumba ya wakfu waliyowekewa kizazi cha fulani haiwezi kuwafikia wenyewe ikiwa kizazi hicho hakijijui. Na kuunga jamaa tumeamrishwa, nawe utamuunga vipi usiyemjua?

Hivi karibuni zaidi pia mambo hayo yametugusa kwa upande wa dunia. Vijana wengi wa Pwani waliokwenda kuomba vitambulisho wametakiwa walete vyeti vya wazazi, na wengine hata vya mababu, wakarudi nyumbani wakiwasumbua bibi zao kwa maswali ambayo yangepaswa kuulizwa zamani, katika baraza, kwa utulivu.

Kwa hivyo nimeonelea tuchukue nasaba moja tu ya mtu mmoja anayejulikana na wengi, tuifuate kwenda juu, tuone nini kinapatikana njiani. Nimemchagua marehemu Profesa Ali Mazrui. Sababu yangu si kwamba ukoo wake ni mkubwa kuliko koo zingine. Sura ya Hujurat imekwisha kutufunza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wapate kujuana, na kwamba utukufu uko katika ucha Mungu. Nimemchagua kwa kuwa watu wa ukoo wake waliandika, na walipoandika walihifadhi. Mtu huweza kuwafuata kwa karatasi bila kutegemea masimulizi peke yake.

JINA NA MAJINA

Profesa Ali alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari, 1933. Babake ni Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh Al-Amin ni mwana wa Sheikh Ali, Sheikh Ali ni mwana wa Abdallah, na Abdallah ni mwana wa Nafii. Basi kwa lugha yetu, Profesa Ali ni mjukuu wa Sheikh Ali, ni kitukuu wa Abdallah, na ni kilembwe wa Nafii. Kiswahili kimetupa majina yote hayo, na inasikitisha kuona vijana siku hizi wakiwaita wote hao “wajukuu”, kana kwamba babu na baba wa babu ni mtu mmoja.

Tazama sasa hesabu ya miaka, maana hapa ndipo niliposhangaa mwenyewe. Sheikh Ali bin Abdallah, babu yake Profesa, alizaliwa mwaka 1825. Alipomzaa Sheikh Al-Amin mwaka 1891 alikuwa mzee wa miaka 66. Sheikh Al-Amin naye alipompata Ali alikuwa wa miaka 42. Profesa Ali akafariki Marekani tarehe 12 Oktoba, 2014. Babu, baba na mwana, watu watatu tu, maisha yao yamechukua miaka 189.

Mara nyingi mtu anayetafuta nasaba huhesabu kila kizazi kuwa ni miaka 25 au 30. Akisikia habari ya mwaka 1825, haraka huweka vizazi sita au saba katikati, na asipovipata husema wazee wamesahau majina, na mwingine huongeza majina ya kujaza nafasi. Katika nasaba hii kujaza kungekuwa uongo mtupu. Wazee wetu walikuwa wakioa hata katika utu uzima, na mtoto wa mwisho wa mzee wa miaka sitini na kitu anaweza kuruka karne nzima kwa hatua mbili.

Fikiri huyo babu alizaliwa katika Mombasa ya namna gani. Mwezi wa Februari 1824 Kapteni William Owen wa manowari za Kiingereza alifika Mombasa, na Wamazrui waliokuwa wakitawala mji, wakiogopa kushambuliwa na Sayyid Said wa Oman, wakakubali kuwa chini ya himaya yake. Bendera ya Kiingereza ikapepea juu ya Ngome hadi mwaka 1826, serikali ya London ilipoikataa shughuli ile. Luteni Reitz aliyeachwa kuangalia mji alikufa mwaka huo huo wa 1824, na jina lake ndilo lililobaki katika hori ya Port Reitz. Sheikh Ali bin Abdallah amezaliwa katikati ya miaka hiyo miwili. Mjukuu wake alizaliwa chini ya bendera ile ile, lakini safari hiyo Mngereza alikuwa hana mpango wa kuondoka upesi.

MTOTO WA MIAKA KUMI NA MIWILI

Ili tujue yaliyomfika mtoto huyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kabila la Mazrui asili yake ni Oman, na mji wa Rustaq ndio unaotajwa sana katika habari zao. Hata leo jina hilo limeenea katika nchi za Ghuba, hasa Imarati, ingawa kwa herufi za Kizungu huliandika kwa namna nyingine, na mtu asiyejua hudhani ni watu mbalimbali. Waomani waliizingira Ngome ya Mombasa tangu mwaka 1696 hadi wakaitwaa kwa Mreno mwezi wa Desemba 1698, na Mmazrui wa kwanza kutajwa kuwa liwali ni Nasir bin Abdallah. Mreno alirudi mwaka 1728, akafukuzwa mwaka uliofuata na watu wa mji wenyewe. Ujumbe wa watu wa Mombasa ukaenda Oman, na baadaye akaja Muhammad bin Uthman Mazrui kuwa liwali.

Mambo yalibadilika huko Oman utawala ulipotoka kwa Wayaarubi ukaingia kwa Ahmad bin Said Al-Busaidi. Muhammad bin Uthman hakumtambua. Mwaka 1746 akauawa ndani ya Ngome na watu waliotumwa kutoka Oman, na nduguye Ali bin Uthman akafungwa. Ali akatoroka kwa msaada wa watu wa mjini, akarudi na kuitwaa Ngome, na tangu hapo Wamazrui hawakuwa tena maliwali wa mtu. Walitawala Mombasa kwa amri yao, na Pemba pia kwa muda mrefu.

Sitaki kuwachosha wasomaji kwa kuwataja watawala wote mmoja baada ya mmoja. Yatosha kusema kwamba vita vya Shela, kule Lamu, mnamo mwaka 1812, viliwavunja nguvu. Lamu ikamwita Sayyid Said, naye akaanza kuwanyang'anya sehemu moja moja. Aliishambulia Mombasa mara kadhaa, na mwaka 1837 akaipata, kwa hila zaidi kuliko kwa mizinga, maana Wamazrui wenyewe walikuwa wamegawanyika. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, pamoja na wakubwa wa ukoo, wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas. Hawakurudi. Waliosalia wengine wakakimbilia Takaungu upande wa kaskazini, na wengine Gasi upande wa kusini.

Wakati huo Ali bin Abdallah ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Yeye na babake Abdallah bin Nafii hawakwenda Takaungu wala Gasi. Walikwenda Makka. Huko ndiko mtoto alikosoma, kwa miaka kama kumi, kisha akarudi Mombasa akiwa mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi. Kumbuka kwamba Wamazrui walikuja kutoka Oman wakiwa Waibadhi. Wengi wao walikuwa wameishi miongoni mwa Mashafi wa Mombasa kwa zaidi ya miaka mia, wakasali nao, wakaoana nao. Sheikh Ali akawa mwanachuoni mkubwa wa Kishafi wa ukoo wake, akasomesha bila kuficha. Jambo hilo lilimuudhi Sayyid Barghash wa Unguja, akamtia gerezani, na hakufunguliwa mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888.

Mimi naona hapa ndipo nasaba hii ilipogeuka. Kabla ya mwaka 1837, Mmazrui akitajwa hutajwa Ngome, mizinga na ushuru wa forodha. Baada ya hapo, katika tawi hili, hutajwa kitabu. Ukoo ulipoteza mji ukapata elimu, na kama si kuhamishwa kule kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, pengine tusingepata makadhi waliofuata.

KAMBA ILIYOSHIKWA NA MJOMBA

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894. Mwanawe Al-Amin alikuwa hajatimiza hata miaka minne. Nani basi alimweleza mtoto huyo kwamba babu yake ni Abdallah bin Nafii, na kwamba babake alisoma Makka na kufungwa Unguja?

Jawabu ni Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1867. Huyu alikuwa jamaa wa ukoo huo huo, akaja kuwa kadhi mwenye cheo kikubwa zama za Mngereza. Yeye ndiye aliyemlea Al-Amin, akamsomesha, na mwisho akamwoza binti yake. Al-Amin alisoma pia Unguja, kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni ambao majina yao hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Pwani. Mwaka 1930 alianzisha karatasi yake ya Sahifa, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Makala ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, na katika cheo hicho akafariki mwaka 1947.

Hesabu tena. Profesa Ali alifiwa na babake akiwa wa miaka 14. Babake alifiwa akiwa na miaka mitatu. Na babu alikuwa amekufa miaka 39 kabla ya mjukuu kuzaliwa. Kila mmoja katika nasaba hii aliipokea habari ya waliomtangulia kupitia kwa mtu mwingine asiyekuwa mzazi wake, au kupitia kwa wino. Huwa tunadhani nasaba hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kama maji ya mfereji. Kwa kweli mara nyingi hupita kando: kwa ami, kwa mjomba, kwa mkwe, kwa shangazi aliyekaa nyumbani na kuona yote.

Wino wenyewe ni wa Sheikh Al-Amin. Aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa. Kitabu kilikaa kikiwa mswada kwa miaka mingi baada ya yeye kufariki, na mwaka 1995 kikachapishwa na British Academy ya Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Mwingine wa kushukuriwa ni marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968, ambaye kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kimewaandika watu hawa pamoja na walimu wao na wanafunzi wao. Wako watu wengi leo wanaojua babu wa babu yao alikuwa nani kwa sababu tu Sheikh Farsy alimtaja kwa mstari mmoja. Na wako wengi zaidi ambao babu zao walikuwa wavuvi, mafundi wa majahazi, wakulima wa minazi, hawakutajwa na kitabu chochote. Hao wanategemea kumbukumbu ya nyumbani peke yake, na ndio walio na haraka zaidi ya kuandika.

WAWILI WENYE JINA MOJA

Anayetafuta nasaba Pwani atakutana na mtego mmoja, nao ni majina kurudiwa. Sheikh Al-Amin alimpa mwanawe jina la babake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo tuna Ali bin Al-Amin bin Ali. Hii ni desturi njema, lakini mtu akiliandika jina nusu, asemaye “Ali Mazrui” katika karatasi ya mwaka 1880 na asemaye “Ali Mazrui” katika gazeti la mwaka 1980 wataonekana mtu mmoja.

Mfano mkubwa zaidi uko katika tawi lililokimbilia mwambao. Mwaka 1895 Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu, alifariki. Wangereza wakamsimamisha mwanawe Rashid bin Salim. Wengi waliona mwenye haki ni Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, na ugomvi huo ukawa vita. Kule Gasi nako, mkubwa wao alikuwa shujaa mzee aliyekwisha pigana na Unguja mara nyingi, naye jina lake ni Mbaruk bin Rashid, mwana wa yule liwali wa mwisho aliyepelekwa Bandar Abbas. Basi una Mbaruk bin Rashid wawili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, wote Wamazrui, wote katika vita kimoja cha mwaka 1895 na 1896. Na una Rashid bin Salim wawili, mmoja liwali wa Mombasa wa mwaka 1837, mwingine wa Takaungu wa mwaka 1895. Mbaruk wa Gasi ndiye aliyevuka na watu wake kwenda upande wa Mdachi mwezi wa Aprili 1896, akaishi Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910. Nimesikia watu wazima barazani wakibishana juu ya “Mbaruk” saa nzima, kumbe kila mmoja ana Mbaruk wake.

Kwa hivyo jina likiandikwa, liandikwe la mtu, la baba, la babu na la babake babu, kisha mji, kisha mwaka hata kama ni wa kukisia kwa tukio fulani. Majina matatu hayatoshi.

Na msidhani hili ni la wanatarikhi tu. Mngereza alipoleta sheria ya kuandikisha ardhi ya Pwani mwaka 1908, kila mwenye dai alitakiwa aje aseme shamba ni lake kwa njia gani, na aliyeweza kuonyesha baba na babu yake alikuwa na nguvu. Wasioweza, au waliokuwa mbali, ardhi yao ikaandikwa ya Serikali. Wamazrui wa Takaungu walikuwa na ardhi iliyowekwa chini ya wadhamini kwa sheria maalumu, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1989, jambo lililozaa kesi kubwa. Katika mambo ya namna hiyo, ambapo wengine nao waliozaliwa na kuzikwa juu ya ardhi ile ile wana madai yao, suala la nani ni mwana wa nani si la kupitisha jioni.

UPANDE USIOANDIKWA

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Shajara zetu huandikwa kwa baba. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Oman, mpaka Hadhramaut, mpaka Shirazi. Lakini wanaume waliotoka Rustaq kuja Ngome walikuja kwa majahazi, na wengi hawakuja na wake. Walioa hapa. Waliwaoa mabinti wa Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wa Mvita, Kilindini, Changamwe, Pate, Faza na kwingineko, na kule Gasi na Takaungu wakachanganyika na majirani zao wa bara. Baada ya vizazi viwili mtoto wa Mmazrui alikuwa akiota ndoto zake kwa Kimvita. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa zama hizo, aliwatetea Wamazrui kwa Kiswahili, na wao walimfahamu kila neno na kila fumbo. Lugha hiyo hawakuileta kutoka Oman. Waliinyonya.

Tena kulikuwa na masuria. Hili watu hawapendi litajwe. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, ambayo si zamani sana, na katika nyumba nyingi za wenye nafasi, kabla ya hapo, alikuwemo mama aliyetoka bara kwa njia ya kununuliwa. Sheria ilikuwa wazi: mtoto aliyemzalia bwana wake ni huru, ni mwana kamili, anarithi sawa na nduguze, na anabeba nasaba ya babake. Sheria haikumwonea haya. Sisi ndio tuliomwonea haya bibi huyo, tukalifuta jina lake, na mahali pake tukaandika “mama yake alikuwa jamaa”, au hatukuandika kitu. Nimeonyeshwa shajara zilizoanzia karne nyingi nyuma, majina thelathini ya wanaume, na hakuna jina la mwanamke hata mmoja. Huo ni ukoo wa namna gani, uliozaliwa bila mama?

Ukoloni ulizidisha ugonjwa huo. Serikali ya Mngereza ilimwandika Mwarabu katika fungu moja na Mswahili katika fungu lingine, na kodi na haki za mafungu hayo hazikuwa sawa. Mwarabu akapewa kura katika Baraza la Kutunga Sheria, Mswahili jirani yake hakupewa. Watu wa Thenashara Taifa walilalamika miaka mingi juu ya jambo hilo. Matokeo yake ni kwamba nasaba iligeuka kuwa cheti cha kuombea haki, na mtu anapoomba haki kwa babu mmoja huwa hana haja ya kumtaja bibi anayemharibia. Majina ya upande wa Arabuni yakarefushwa, ya upande wa hapa yakakatwa.

Profesa Ali hakufuata njia hiyo. Baada ya kushindwa kupata alama nzuri katika mtihani wake wa sekondari, akafanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu hapa Mombasa, ndipo akapata nafasi ya kwenda Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa wa Makerere, kisha wa Michigan na Binghamton. Mwaka 1986 alionyesha katika televisheni za Uingereza na Marekani mfululizo wake juu ya Waafrika, ambamo alieleza kwamba Afrika imerithi mambo matatu: jadi yake yenyewe, Uislamu, na Umagharibi. Waliomsoma huko nje walichukulia kuwa ni nadharia ya chuo kikuu. Aliyezaliwa Mombasa anajua kuwa alikuwa akieleza nyumba yao. Kulikuwa na wanaochukizwa na maneno yake, na mimi mwenyewe sikubaliani na kila alilosema, lakini sikumsikia hata mara moja akijitoa katika Uafrika kwa sababu jina lake lilitoka Rustaq.

Na alipokufa hakutaka kulala Binghamton. Mwili wake ulirudishwa Mombasa, akazikwa Oktoba 2014 katika makaburi ya Wamazrui yaliyo mkabala wa Ngome, hatua chache kutoka mahali walipoamulia mambo maliwali wa ukoo wake.

Basi nimeiandika nasaba hii upya katika karatasi yangu, na safari hii nimeanza na mama. Mama wa Profesa Ali ni Swafia binti Suleiman. Suleiman huyo ni yule yule Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis aliyemlea yatima Al-Amin na kumshikia kamba ya jadi yake. Kwa hivyo mtu aliyekuwa mlezi kwa upande wa baba ni babu kwa upande wa mama, na shajara ya wanaume peke yao ingemficha kabisa, kwa kuwa yeye si baba wala babu mzaa baba wa yeyote katika mstari ule. Fungua mistari ya pembeni na utawaona wengine pia: Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, aliyekuwa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, na mwanawe Sheikh Hammad aliyeshika cheo hicho hicho baadaye.

Kwa msomaji anayetaka kuanza ya kwao, bibi ndiye wa kwanza kuulizwa, maana wanawake hukumbuka nani alizaliwa mwaka gani wa njaa na nani alimnyonyesha nani. Kisha fungua misahafu ya zamani iliyo kabatini. Wazee waliandika siku za kuzaliwa watoto katika kurasa za mwanzo, na mara nyingi hayo ndiyo maandishi pekee yaliyopo. Kisha hati za mashamba, vyeti vya nikaha na hukumu za mirathi katika mahakama za makadhi. Makaburini nenda asubuhi, jua likiwa bado limelala upande mmoja, ndipo herufi zilizofutika husomeka. Na chukua daftari lenye nafasi ya kutosha upande wa kushoto, kwa majina ya akina mama.